Sura ya Sita: Jino la Pembe

Usiku wa tatu nilisalimu amri. Gego la chini, upande wa kulia, lilianza kunivuta Jumamosi jioni nikadhani ni mwiba wa samaki. Jumapili likawa linadunda kama ngoma. Jumatatu nililala nimekaa, maana kila nilipokilaza kichwa kwenye mto maumivu yalipanda hadi sikioni. Mama watoto alinipa karafuu niing'ate, nikapata nafuu ya kama saa moja. Jirani akanishauri nilaze kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Nikamtii. Alfajiri nilipojitazama kwenye kioo, ufizi ulikuwa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Aspirini ni tindikali: humezwa, hailazwi kinywani. Ukiilaza itakuunguza, na jino litaendelea kuuma vilevile.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Bagamoyo. Tulikuwa saba. Palikuwa na mvuvi kijana aliyevimba shavu, kajifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Palikuwa na mama aliyetoka Matipwili na binti yake, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akitema mate kila dakika. Muuguzi alipita akituuliza mmoja mmoja kilichotuleta, na sote saba tulimjibu neno lilelile: kung'oa. Hakuna aliyesema, jino linaniuma, naomba nitazamwe. Tulikuwa tumeshajiandikia tiba kabla ya kumwona tabibu.

Mithali tunayo, na tunaipenda: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Tunaitumia kwa mume mkorofi, kwa kiongozi mwizi na kwa rafiki mnafiki. Kwa watu hao sina neno. Lakini kwa jino lenyewe nimefika mahali naona mithali hii imetuumiza, na ndiyo sababu ya kuandika sura hii.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Limeanza kuuma lini?"

"Jumamosi."

"Na kabla ya Jumamosi?"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia kweli: tangu Ramadhani ya mwaka jana, nikifuturu na maji baridi, jino lilikuwa linashtuka, halafu linatulia. Nikalizoea, nikahamia kutafunia upande wa pili.

"Basi mwaka jana tungeliziba, mzee wangu," alisema kwa upole. "Sasa kiini chake kimekufa, usaha umeshuka mfupani, na juu pamebomoka pote. Hata tungesafisha mizizi, hakuna pa kujengea. Hili linatoka."

Kabla ya chochote aliniuliza kama nina presha, kama nina kisukari, kama natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na kama niliwahi kung'oa jino damu ikakataa kukata. Maswali haya usiyajibu kwa haraka ili yaishe. Ukimficha daktari wa meno ugonjwa wako wa moyo au sukari yako, unamfunga macho huku ameshika koleo.

Watu wanaogopa sindano kuliko jino, kwa hiyo nitaieleza. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya chini huingia ndani ya mfupa wa taya nyuma kabisa, karibu na pembe ya taya. Daktari hapigi sindano kwenye jino. Huipeleka huko nyuma, kwenye mlango wa mshipa, na nusu nzima ya taya hulala. Dawa ni lidokeini, iliyogunduliwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, na mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ibane, ganzi idumu na damu ipungue. Baada ya dakika chache nusu ya mdomo wangu wa chini ilikuwa si yangu. Daktari alinigonga ufizi kwa ncha ya chuma akauliza kama nasikia maumivu. Nilisikia kuguswa tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na wengi hupiga kelele kwa kutoijua: ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utahisi unasukumwa, utasikia sauti ya kukatika ndani ya kichwa chako, na hutaumia. Ukiumia, inua mkono, uongezewe.

Halafu jino lenyewe. Nilidhani litavutwa. Halikuvutwa. Jino halijapigiliwa mfupani kama msumari. Limening'inizwa ndani ya tundu lake na maelfu ya nyuzi laini zinazolishika pande zote. Daktari alianza kuzikata na kuzilegeza kwa chombo chembamba kama bisibisi. Kisha akashika koleo, akalisukuma chini kuelekea mizizi, ndiyo, chini, na akaanza kulitikisa taratibu, upande wa shavu, upande wa ulimi, upande wa shavu tena. Mvuvi anayeng'oa mti wa wando kwenye mchanga wa bahari anaijua kazi hii. Hauvuti juu kwa nguvu, utavunjika. Huutikisa huku na huku mpaka mchanga uuachie. Mfupa wa taya nao hutanuka, tundu hupanuka, na mwishoni jino huja lenyewe. Langu lilikuja na mizizi yake miwili, na kwenye ncha ya mmoja palikuwa na kifuko cha usaha kama punje ya choroko. Kile kipunje ndicho kilichoninyima usingizi siku tatu.

Nililishika kwenye kiganja nikakumbuka mithali nyingine, ambayo hatuitaji sana siku hizi: jino la pembe si dawa ya pengo.

Katika mji huu mithali hiyo ina uzito wa pekee. Pembe ya ndovu tunaiita pembe, lakini si pembe hata kidogo. Ni jino, jino la mbele la taya ya juu, lililokua likatoka nje ya kinywa. Serikali inapoandika meno ya tembo inasema kweli tupu. Bagamoyo ya karne ya 19 ilisimama juu ya meno hayo: yaliletwa mabegani kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, yakapimwa hapa, yakavuka kwenda Unguja, kisha India, Ulaya na Marekani. Ulaya walikuwa wamekwisha kuyachonga meno ya bandia kwa pembe. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake, na seti aliyotengenezewa na daktari wake John Greenwood ilichongwa kwa jino la kiboko. Kiongozi wa taifa, fedha anazo, mafundi anao, na bado alihangaika na kinywa chake mpaka kufa. Waliotunga mithali yetu walikuwa wanajua.

Sehemu kubwa ya pembe za pwani hii zilizofika Marekani zilikwenda jimbo dogo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibao vya piano na vitana. Na katika jimbo hilohilo, mjini Hartford, tarehe 11 Desemba 1844, daktari wa meno Horace Wells alivuta hewa ya kuchekesha, akamwomba mwenzake amng'oe gego, na alipozinduka akasema hakusikia kitu. Kabla ya siku ile, kung'oa jino karibu popote duniani kulikuwa ni kushikwa na watu wawili na kuomba Mungu. Miaka miwili baadaye William Morton, naye daktari wa meno, aliionyesha etha, dawa ya kulaza mgonjwa, hospitalini Boston, na upasuaji wote wa dunia ukabadilika. Dawa ya kulaza wagonjwa wa kila aina ilienea kupitia watu wa meno. Ukiwa kwenye benchi unatetemeka, kumbuka kwamba tawi hili la tiba lilikuwa mstari wa mbele kupigana na maumivu.

Habari hiyo ilichelewa kuvuka. David Livingstone, daktari aliyesomea Glasgow, alipokuwa Manyema mwanzoni mwa miaka ya 1870 meno yake yaliharibika kwa vyakula vigumu, akawa anajing'olea mwenyewe kwa uzi mnene. Mwili wake, uliobebwa na wafuasi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka Chitambo alikofia, ulilazwa kwenye kanisa la misheni hapa Bagamoyo Februari 1874. Wageni wanaonyeshwa mahali pale kila siku.

Lakini mtu ambaye ningependa wageni waonyeshwe zaidi ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa mji huu, aliyetajirika kwa kuipatia misafara vitambaa, shanga na wapagazi, na kwa biashara ya pembe. Alikufa mwaka 1897. Fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam, ambako watu wa kawaida walitibiwa kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya tunayoiita leo Muhimbili. Jina lake bado liko kwenye mojawapo ya majengo ya wodi pale. Na hapo Muhimbili ndipo mwaka 1979 nchi yetu ilianza kuwafundisha madaktari wake wenyewe wa meno kwa shahada. Mimi naiona njia hiyo wazi: jino la ndovu lilipita Bagamoyo likawa fedha, fedha ikawa hospitali, na kwenye mizizi ya hospitali ile wakaota madaktari wa meno, akiwemo kijana aliyenisimamia asubuhi ile. Ndovu walilipa, na wapagazi walilipa. Nasi bado tunakwenda kwa madaktari hao na neno moja mdomoni.

Kinachonisikitisha ni hiki. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta njia ya kuziba meno ya watu wanaoishi mbali na umeme. Mashine ya kutoboa inahitaji umeme, maji na fundi, kijiji hakina. Wakaiacha mashine. Walichukua vyombo vya mkono vyenye ncha kama kijiko kidogo, wakakwangua sehemu laini iliyooza, wakaacha ile iliyo nzima, wakajaza tundu kwa saruji ya meno. Mgonjwa analala juu ya meza ya shule. Hakuna mlio, na mara nyingi hakuna sindano, kwa sababu kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na leo inafundishwa Brazil, China, Uholanzi kwenyewe. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji ya aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Jambo lililozaliwa nchini mwetu limekwenda kuokoa meno ya dunia, na sisi kwenye benchi la Bagamoyo, watu saba kwa saba, tunasema kung'oa.

Sababu si ujinga peke yake. Kuziba mara nyingi kunagharimu zaidi ya kung'oa. Zahanati nyingi za vijijini hazina mtu wa meno, na anayetoka Saadani au Matipwili akishalipa nauli hataki kusikia habari ya kurudi wiki ijayo. Namwelewa. Lakini hesabu yake ina shimo. Jino likitoka, yale ya jirani huanza kuegemea pengo, lile la juu hushuka kutafuta mwenzake, chakula hukwama mahali papya, na baada ya miaka michache anapanda tena gari kwenda kung'oa la pili. Nauli aliyoiokoa ameilipa.

Na adui wetu tunamjua. Wadudu wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali hulainisha jino. Mate huhitaji kama nusu saa kuirudisha hali. Kwa hiyo kinachooza meno zaidi si wingi wa sukari tu, ni mara ngapi. Anayekula halua nzima baada ya chakula cha mchana kisha akapiga mswaki ana nafuu kuliko anayeshinda na chupa ya soda akinyonya funda moja moja toka asubuhi. Pwani hii na sukari ni ndugu wa zamani. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa na vinu karne ya 19, na Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa kabla ya kuwa jemadari. Leo miwa inalimwa Makurunge, mlangoni petu. Wazee walikunywa chai tamu nao, lakini walikuwa na mti wa mswaki, wakiutafuna mpaka uwe brashi, asubuhi na kabla ya sala. Jina la mti ndilo tulilolipa kifaa cha plastiki. Tumeshika kifaa, wengi tumeacha ile desturi ya mara tano kwa siku.

Sasa nije kwenye kung'oa ambako kusingepaswa kuwepo kabisa.

Mtoto wa miezi sita au minane anaharisha, ana homa, hanyonyi. Bibi au jirani anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Anasema: ana meno ya plastiki. Wengine husema ya nailoni. Anaitwa fundi, naye hupasua ufizi kwa spoki ya baiskeli, kisu au msumari, anachimbua kitu kidogo cheupe, laini, anakionyesha: mmeona? Wameona. Walichokiona ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa, jino halali la mtoto huyo, lililokuwa likijijenga ndani ya ufizi kama yai. Kila mtoto duniani analo.

Wapo wanaosema ni mila. Mila za meno tunazijua. Mwalimu Nyerere alikuwa amechongwa meno ya mbele kwa desturi ya Wazanaki, na Wamasai wengi walitolewa meno mawili ya chini ya mbele. Mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa mila hizo. Lakini hili la plastiki halina hata umri wa kuitwa mila. Neno lenyewe linajishtaki. Mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya jambo kama hili Uganda mwaka 1969, na kwetu taarifa za kitaalamu zilianza kupamba moto miaka ya 1980. Watafiti wa Muhimbili, kina Emil Kikwilu, walilifuatilia vijijini katika miaka ya 1990 wakakuta watoto wenye mapengo ya chonge, na waliowachimbua walikuwa watu wanaoaminiwa mtaani.

Mtoto anayeharisha amekwisha kupungukiwa maji. Umemwongezea kidonda, damu inayotoka, uchafu wa spoki, pepopunda, pengine virusi vya ukimwi kutoka kwa mtoto aliyetangulia. Akipona, fundi atasifiwa, ingawa kuhara kwingi hupungua kwenyewe. Asipopona, watasema mlichelewa kumleta. Na hata akipona, jino la ukubwani lililokuwa likianza chini yake linaweza kuota limepinda au lisiote. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnyweshe kidogo kidogo na umpeleke zahanati siku hiyohiyo. Sukari ileile inayotuozesha meno, hapa inaokoa mtoto. Chumvi tunayo, Saadani wanaivuna baharini. Spoki iachieni baiskeli.

Turudi kwenye benchi. Yule mvuvi aliyevimba hakung'olewa kwanza. Daktari alipomtazama alimwita dereva wa gari la wagonjwa. Uvimbe ulikuwa umehama kutoka shavuni na kushuka chini ya kidevu, pande zote mbili, mgumu kama ubao, na alikuwa hawezi kumeza mate. Hiyo ni hali ambayo usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Alipelekwa Dar es Salaam. Shika dalili hizo: uvimbe chini ya taya, kushindwa kumeza, ulimi kuinuka, kupumua kwa shida, homa kali. Ukiziona usisubiri asubuhi, na usinywe mabaki ya antibayotiki ya jirani.

Mimi niliondoka na kipande cha shashi nimekiuma mahali pa jino. Nusu saa usitafune, usizungumze, usikitoe kila dakika kutazama. Siku ile usisukutue, usiteme teme mate, usivute sigara wala kunyonya kwa mrija, kwa sababu tundu limejaa bonge la damu na bonge hilo ndilo dawa; likitoka, mfupa unabaki wazi. Kesho yake anza maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakizidi siku ya tatu, na kinywa kikatoa harufu, bonge limeondoka: rudi. Daktari atalisafisha tundu na kulipaka dawa, na usishangae ukisikia harufu unayoijua. Ni mafuta ya karafuu. Karafuu ya mama watoto haikuwa imekosea. Ilikuwa na kazi ndogo kuliko tuliyoitwisha.

Siku ile, kabla sijainuka kitini, daktari alikuwa amepitisha kioo chake kidogo upande wa kushoto akakuta kitobo kwenye gego la pili, kidogo kama kichwa cha pini. Halikuwa linauma. Nilirudi baada ya wiki sita na nikamuuliza kabla hajaniuliza: linazibika? Akakwangua kwa mkono, akajaza, akaniambia ning'ate. Dakika ishirini, bila sindano. Jioni nilitafunia pweza upande huo. Upande wa kulia ni pengo.